Hamu ya Vichekesho vya Zamani

Kila zama hulalamikiwa na walio ndani yake na kusifiwa na waliokwisha toka. Mtu aliyekuwa kijana miaka 50 iliyopita aliambiwa na wazee wake kwamba dunia imeharibika. Leo mtu huyo huyo ni mzee, na ulimi wake umerithi maneno yale yale. Husema kwamba siku zile chakula kilikuwa na ladha, nyimbo zilikuwa na maana, na vichekesho vilikuwa vichekesho kweli. Kijana amsikilizapo hufanya moja katika mambo mawili: ama huamini yote, akahuzunika kwamba alichelewa kuzaliwa, ama hukataa yote, akamdharau msemaji. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba iko njia ya tatu, na kwamba njia hiyo ina haki zaidi kuliko zile mbili.

Nitatumia mfano mmoja, maana swali kubwa hufahamika upesi likitazamwa katika jambo dogo. Mfano wenyewe ni sinema na michezo ya kuchekesha ya Marekani: picha za Hollywood zisizo na rangi, nyingine zisizo na sauti, na michezo ya televisheni ya miaka ya 1950. Wako watu wengi, katika nchi nyingi, ambao huitamani michezo hiyo kama msafiri atamanivyo kwao. Ajabu ni kwamba baadhi yao walizaliwa baada ya waigizaji wale kufa. Je, watu hawa hutamani kitu kilichokuwako, au kitu walichojitungia? Na kama wamejitungia, je, wana kosa?

Tamaa hii ina historia yake. Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, aliyeitwa Johannes Hofer, aliandika juu ya ugonjwa wa watu walio mbali na kwao, ambao huzuni ya kutamani nyumbani iliwakondesha. Aliutungia jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurudi nyumbani na moja la maumivu. Dawa ya ugonjwa ule ilijulikana: mgonjwa arudishwe kwao. Lakini baadaye jina lile liliacha kuwa la mahali likawa la wakati, na hapo dawa ilipotea. Aliye mbali na kijiji chake aweza kupanda gari akarudi. Aliye mbali na ujana wake hana gari la kupanda. Kwa sababu hiyo picha za sinema zina nguvu kubwa juu ya moyo. Zinamwonyesha mtu nyumba ya zamani taa zikiwaka na watu wakicheka ndani, naye akasahau kwamba mlango wa nyumba ile umechorwa tu juu ya ukuta.

Tuanze kwa kuwapa waigizaji wale haki yao, kwa kuwa sifa zao nyingi si za uongo. Charlie Chaplin alizaliwa London mwaka 1889. Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini umaskini uliishinda nyumba yao, na alipokuwa na umri wa miaka saba mtoto huyo alipelekwa katika nyumba ya kutunzia maskini. Alipokuwa mtu mzima, akaenda Marekani, akamuumba mzururaji mwenye suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo na mkongojo. Katika picha yake ya mwaka 1925, The Gold Rush, mzururaji huyo huchemsha kiatu chake kwa njaa, akakila kwa adabu kana kwamba yuko mezani kwa tajiri. Watazamaji walicheka, lakini aliyewachekesha alikuwa ameijua njaa kwa jina lake. Sifa yake ilienea duniani pote. Hata katika Kiswahili mtu wa mizaha huitwa chale, na sikio lolote husikia jinsi neno hilo lilivyo karibu na jina la Charlie.

Mwenzake katika fani hiyo, Buster Keaton, alikuwa haonyeshi kicheko usoni. Katika picha ya mwaka 1928, Steamboat Bill, Jr., ukuta mzima wa mbele ya nyumba humwangukia, naye akasalimika kwa sababu alisimama mahali hasa palipopita tundu la dirisha. Haukuwa udanganyifu wa picha. Ukuta ulikuwa mzito wa kweli, mtu alikuwa wa kweli, na lau angalisogea hatua moja asingalicheza picha nyingine. Nao Stan Laurel na Oliver Hardy, mmoja mwembamba na mmoja mnene, mwaka 1932 walitoa picha fupi iitwayo The Music Box. Habari yake yote ni watu wawili wanaopandisha piano juu ya ngazi zenye vipandio zaidi ya 130. Piano hupanda, piano hushuka, na mtazamaji humwona binadamu na bidii zake, ushindi wake na maanguko yake. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Vichekesho hivi vyaelea mpaka leo kwa kuwa viliundwa kwa jasho, na aipendaye kazi njema hana haja ya kuona haya.

Televisheni nayo ilikuwa na mafundi wake. Tarehe 15 Oktoba 1951 ulianza kuonyeshwa mchezo ulioitwa I Love Lucy, na waigizaji wake wakuu walikuwa Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, mzaliwa wa Kuba. Wenye kampuni ya televisheni walisita mwanzoni, wakidhani kwamba watazamaji hawatakubali kumwona mwanamke wa Kimarekani ameolewa na Mkuba. Wale wawili waliufanya mchezo wao majukwaani katika miji mbalimbali, watu wakaupenda, na hofu ile ikaaibika. Kisha waliamua kuupiga mchezo katika filamu, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji walio hai. Uamuzi huo ndio uliouhifadhi: michezo mingine mingi ya miaka ile ilirushwa hewani moja kwa moja na kupotea kama sauti ya mtu msituni, bali huu ulibaki. Tarehe 19 Januari 1953 ilionyeshwa sehemu ambayo Lucy hujifungua mtoto, na watu wapatao milioni 44 waliitazama.

Mpaka hapa mzee asifuye zamani ameshinda. Sasa na tumsikilize mpinzani wake, maana baraza lenye msemaji mmoja si baraza.

Hoja ya kwanza ya mpinzani ni kwamba zamani hutujia ikiwa imepepetwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa mwaka 2013 juu ya picha ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929. Picha hizo zilikuwa karibu 11,000, na katika kila 100, karibu 70 zimepotea kabisa. Zilizobaki nazo hazitazamwi zote. Watu huchagua chache wazipendazo, wakazionyesha tena na tena. Basi mtu alinganishapo sinema za kale na za leo, hulinganisha mchele uliokwisha pepetwa na mpunga uliotoka shambani jana, wenye makapi na mawe ndani yake. Hata mwaka 1925 yalikuwako makapi mengi. Ila yamesahauliwa, na kilichosahauliwa hakiwezi kushuhudia dhidi ya zama zake.

Hoja hii ni ya kweli, lakini usiipokee bila kuipima. Wako wasemao kwamba wakati ni hakimu mwadilifu, na kwamba kilichobaki ndicho kilichostahili kubaki. Hiyo si kweli. Filamu za siku zile zilitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi, na ghala zima ziliteketea. Nyingine zilitupwa na wenyewe baada ya sinema zenye sauti kuingia, kwa sababu hazikuleta fedha tena. Moto hauchagui kibaya ukaacha chema, na mfanyabiashara hutupa kisichouzika, kiwe chema au kibaya. Kwa hiyo twaweza kusema tu kwamba wakati ni msahaulifu. Kumbukumbu ya mambo mema haijitunzi yenyewe. Huhitaji mikono ya watu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Picha zile zilionyesha dunia nzuri kwa kuificha dunia nyingine iliyokuwa nyuma yake. Hattie McDaniel alikuwa binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Aliigiza kama mtumishi katika picha maarufu ya mwaka 1939, Gone with the Wind. Picha hiyo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Atlanta, hakuhudhuria, kwa sababu sheria za huko ziliwatenga watu weusi. Tarehe 29 Februari 1940 alipewa tuzo ya Oscar, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Lakini usiku ule wa heshima aliketishwa kwenye meza ya peke yake, mbali na waigizaji wenzake. Alipokufa mwaka 1952, alikuwa ametamani azikwe katika makaburi ya Hollywood, nayo yalimkataa kwa ajili ya rangi yake. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya Kichina, alikuwa nyota mashuhuri. Lakini picha ya The Good Earth ya mwaka 1937, iliyohusu wakulima wa China, ilipotengenezwa, nafasi kubwa ya mwanamke Mchina alipewa mwigizaji mzungu. Sasa mtu asemapo, "Nazitamani siku zile," ni haki kumwuliza: wazitamani ukiwa umeketi katika meza ipi?

Vichekesho navyo vilikuwa na dhambi hiyo. Uko mchezo ulioitwa Amos 'n' Andy, ambao ulianza redioni mwaka 1928, wazungu wawili wakiigiza sauti za watu weusi ili wasikilizaji wawacheke. Mwaka 1951 uliingia katika televisheni, sasa ukiwa na waigizaji weusi, na chama cha kutetea haki zao, NAACP, kiliupinga kwa kuwa uliwaonyesha kama wajinga na walaghai. Habari ya mchezo huo yafika hata kwetu. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ilitangazwa kwamba umeuzwa ili uonyeshwe Kenya. Na ofisa wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba utapigwa marufuku. Taifa lililokuwa likijiandaa kupandisha bendera yake halikutaka kuingiziwa nyumbani kioo cha kulikejeli. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, wenyewe waliuondoa sokoni huko Marekani.

Je, tufanyeje basi? Tuzitupe picha zote zilizotengenezwa na zama zenye makosa? Tukifanya hivyo hatutabaki na kitu, kwa kuwa hakuna zama zisizo na makosa, na zetu zimo. Tena tukiitupa ile picha ya mwaka 1939 kwa sababu ilimdhalilisha Hattie McDaniel, tutamtupa na yeye pamoja nayo. Tutakuwa tumemfukuza mara ya pili mtu aliyefukuzwa kwanza na wenzake. Ustadi wake uling'aa ndani ya nafasi ndogo aliyoachiwa, na anayetazama kwa makini huona mambo mawili pamoja: ukuu wa mtu na udogo wa mlango alioruhusiwa kupita.

Nakupa kipimo kimoja, msomaji, cha kupimia kichekesho chochote, cha kale au cha leo. Kabla ya kukisifu, uliza: nani alilipa gharama ya kicheko hiki? Chaplin alipokula kiatu, gharama aliilipa mwenyewe, nasi tulimcheka tukimpenda. Keaton aliilipa kwa kuhatarisha mwili wake. Laurel na Hardy walilipa kwa kuanguka wao, wala si kwa kumwangusha aliye chini. Lakini wazungu wawili walipoigiza watu weusi redioni, walicheka wao, wakapata fedha wao, na gharama ikalipwa na mtoto mweusi aliyechekwa kesho yake njiani. Kicheko cha namna ya kwanza chastahili kutunzwa kwa furaha. Kicheko cha namna ya pili chastahili kutunzwa kama ushahidi, ili tujue jinsi ukatili unavyoweza kuvaa nguo za mzaha.

Hamu ya zamani ina hila nyingine: husahau deni. Mwaka 1952 Chaplin alisafiri kwenda London na picha yake mpya, na alipokuwa njiani serikali ya Marekani ilifuta ruhusa yake ya kurudi, akishukiwa kwa ajili ya siasa zake. Alihamia Uswisi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1972, aliitwa Hollywood apewe tuzo ya heshima, na ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi kwa dakika nyingi. Makofi yale yalikuwa mazuri, na mzee yule aliguswa. Lakini ni rahisi kumpenda mtu baada ya kuwa kumbukumbu. Kazi ngumu ni kumtetea angali akihitaji mtetezi. Jihadhari na mapenzi ambayo hungoja mtu azeeke au afe.

Jambo moja limebaki, nalo nadhani ndilo kiini cha yote. Katika miaka ya 1950 mhandisi wa sauti wa Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa: cha chini, cha juu, cha mwanamke, cha umati. Mchezo wa televisheni ukikosa watazamaji, au watazamaji wakikosa kucheka, mashine ilichekeshwa badala yao. Watu wengi huilaumu mashine hiyo kwa udanganyifu, na kweli ni udanganyifu. Lakini jiulize kwa nini ilihitajiwa. Ni kwa sababu watengenezaji walijua kwamba mtu hapendi kucheka peke yake. Kicheko ni kama ngoma: mmoja aweza kuianza, lakini hainogi mpaka wapatikane wa kuitikia.

Hapa ndipo tunapoweza kumfahamu mzee wetu. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, waliokuwa nayo walikuwa wachache. Palipokuwa na chombo hicho majirani walikusanyika, watoto wakaketi chini, wakubwa vitini, na wote wakacheka kwa wakati mmoja jambo moja. Baadaye walicheka vivyo hivyo vichekesho vyao wenyewe, katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Na Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang', alipofariki mwaka 2015, waliolia hawakumlilia mwigizaji peke yake. Waliyalilia maisha ya sebule zao, na wazazi walioketi humo ambao hawako tena. Leo kila mtu ana simu yake mkononi. Watu watano hukaa katika chumba kimoja wakicheka mambo matano, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna amwulizaye mwenziwe anacheka nini. Basi mzee asemapo kwamba siku hizi hakuna vichekesho, huenda hasemi kweli juu ya vichekesho, maana vipo na vingine ni bora. Lakini husema kweli juu ya upweke. Amekosea jina la kitu alichopoteza, ila hakukosea kwamba amepotewa.

Kwa sababu hiyo nakusihi usimjibu kwa dharau. Anapozisifu siku zake, usimbishie kwa hesabu ya mabaya ya zama zile kana kwamba ni mshitakiwa, wala usimwitikie tu ili anyamaze. Mwambie akuonyeshe picha anayoipenda, ukaketi naye mkaitazama pamoja. Mahali palipo na ustadi, jifunze. Wala usiruhusu kicheko chako kipite bila pasi mahali palipo na udhalimu. Mwulize kwa adabu: "Babu, yule mtumishi aliye nyuma, jina lake nani?" Swali hilo halitaiharibu furaha yake ikiwa ni furaha njema, litaipanua, ili watu wengi zaidi wapate kuingia.

Kumbuka pia kwamba zamani iko njiani kukufikia. Yale unayoyacheka leo yatapepetwa, na katika miaka 50 yatabaki machache, nawe utayasifu mbele ya watoto watakaokutazama kwa mashaka. Wakati huo utataka wakuamini. Ishi basi hivi sasa kwa namna ambayo sifa zako hazitahitaji kuficha kitu: cheka bila kumwumiza aliye dhaifu, mheshimu fundi angali hai, na unapocheka peke yako, geuka umwite aliye karibu naye aone. Mtu aliyefanya hivyo ataweza kuitamani jana yake bila kuidanganya, na wajukuu wake wakimwuliza majina ya waliokuwa nyuma ya picha, atayajua.